Deni Haliozi

Twaha Mwinyipembe alianza na misumari,
akiipima kwa kiganja, si kwa mizani,
pale Majengo, mlango wa tatu toka kwa fundi cherehani.
Kiganja chake kilikuwa kidogo. Tulicheka, tukanunua.
Baadaye saruji, mabati, vitasa,
na choo cha kukaa kilichokaa dirishani
miaka minne bila mnunuzi,
paka akizalia humo.

Mimi ndiye niliyeandika. Daftari jekundu:
Mama Kibibi, saruji mifuko miwili, mwezi ukiandama.
Fundi Nzaro, bati sita. Msikiti, nusu bei.
Mwezi uliandama, ukafa, ukaandama.
"Waache," alisema Twaha, "deni haliozi."

Nikadhani ni huruma.

Mwaka wa kura akanitaka nilisome lote,
jina kwa jina, mtaa kwa mtaa.
Alisikiliza macho kafumba, kama aliye khitmani,
vidole vikihesabu.
Jumapili yake, uwanjani Tononoka,
akapanda juu ya lori akalichana.
Karatasi zikaruka, vigelegele vikapaa,
na wale waliokwisha kulipa
wakajuta uaminifu wao.

Akashinda. Akaenda Nairobi na koti jipya
lililombana kwapani.
Tukimuona kwenye runinga ya hoteli,
kiti cha nyuma, mkono shavuni.
Mara moja tu alisimama: ushuru wa misumari.
Wallahi alisema vizuri! Alijua bei ya kila inchi,
sauti ikapanda, akasahau karatasi,
akawa Twaha wetu.
Spika akamwambia muda umekwisha.

Huku bombani yalitoka maji ya chumvi, kisha upepo.
Mama Kibibi akampigia simu.
*Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani.*
"Mteja?" akaniuliza. "Si mteja nilikuwa mimi?"

Muhula mmoja. Kura ya pili hakufika hata nusu.
Karudi dukani kanenepa, hazungumzi,
anapangusa vumbi kwenye kile choo.
Jana, jua la saa nane, akaniinamia:
"Lile daftari... hukubakisha nakala?"

Karani huandika mara mbili.
Liko chini ya godoro langu, kurasa zote.
"Si ulilichana?" nikamwambia.
"Watu wote waliona."

Mtoto akaingia, katumwa misumari ya shilingi hamsini.
Mizani imeharibika tangu enzi za kampeni.
Nikampimia kwa kiganja.
Changu ni kikubwa kidogo.