Ufunguo wa Bwana Wani

Julai, Mbeya, saa mbili kasorobo.
Ukungu umeteremka kutoka Loleza
umesimama dirishani kama mwanafunzi aliyechelewa
anayeogopa kubisha.

Ndani, maofisa kumi na wanne wa serikali sita
wamevaa makoti ya mitumba.
Bi Echati wa Moroni kajifunga blanketi la bweni juu ya suti,
ananiuliza kama baridi hii ina kibali cha wizara.

Mimi ndiye mkufunzi. Mtu wa Sikonge.
Mwaka wa tisa hapa, na mama wa viazi
bado ananiita mgeni.
Lakini Bwana Msukwa wa Karonga, ng'ambo ya Songwe,
siku ya pili tu ya kozi alisimama genge lile lile,
akasema "Mugonile", akaitikiwa,
akaulizwa ukoo,
akaondoka na sado iliyofurika na nyongeza mkononi.
Kwenye fomu yangu kaandikwa: Mshiriki wa Kigeni.
Mto haujasoma fomu.

Leo somo ni motisha kwa watumishi wa umma.
Slaidi ya saba ina piramidi.
Slaidi ya nane ina mishale inayotoka kwenye piramidi
kwenda kwenye piramidi nyingine.
Niliichora mwenyewe, usiku, nikajipongeza.

Umeme ukakatika.

Projekta ikakohoa, ikanyamaza.
Jenereta lipo; chumba chake kina kufuli,
kufuli lina mlinzi,
mlinzi kaenda kunywa chai.
Tukacheka kidogo, wote, kila mtu kwa nchi yake.

Ndipo Bwana Wani Lokudu,
ambaye kwa wiki tatu neno lake lilikuwa "nipo",
mara moja kila asubuhi, wakati wa mahudhurio,
akatoa mfukoni ufunguo
uliofungwa kwa kamba ya kiatu.
Akaongea Kiswahili chake cha kambini, polepole:

"Mwalimu, huu ni wa ofisi ya ardhi.
Mshahara ulikoma mvua zikianza.
Mvua zikaisha, zikaanza tena, zikaisha.
Nafungua saa mbili. Nafunga saa tisa.
Karatasi mpya hakuna, naandika migongoni mwa zile za zamani.
Kuna bibi mmoja, kila Jumatatu anakuja kuuliza kiwanja chake.
Jibu sina. Namwekea kiti.
Akikuta mlango umefungwa
atafikiri serikali aliiota.

Sasa niliitwa kozi, nikafurahi, nikapanda gari,
na ufunguo nikaja nao.
Jumatatu tatu zimepita.
Hiyo ndiyo inaniamsha usiku, baridi naiweza.
Yeye yuko slaidi gani?"

Hakuna aliyejibu.
Mtu wa Hazina kutoka Lusaka, mcheshi wetu,
alifuta miwani yake
mpaka nikadhani ataitoboa.

Saa nne na robo umeme ulirudi.
Piramidi ikajichora upya ukutani,
mishale ikaendelea ilipoishia, bila haya.
Niliizima.
Nilitaka kusema kitu cha kiualimu. Nikasema: chai.

Ijumaa, vyeti.
Muhuri wa dhahabu, picha ya pamoja ngazini,
Bi Echati kakunja blanketi, kalirudisha, kasaini.
Cheti cha Wani kilikosewa jina: Lokundu.
Nikaomba radhi, nikasema tutachapa kingine.
Akasema hapana, wino huo umeshagharimu watu.

Hakutaka kupelekwa Kimondo na wenzake.
Aliomba nimwonyeshe fundi wa funguo, Mwanjelwa.
Tulisimama kwenye vumbi la chuma,
msasa ukilia, cheche zikimrukia fundi kwenye ndala,
naye Wani ameinama kukagua kila jino,
jino kwa jino, la zamani na jipya,
kama mkaguzi wa hesabu.

"Mmoja wangu," akasema.
"Huu mwingine nitampa bibi."

Akalipa elfu tatu, pesa yake ya chakula.
Akaomba risiti.