Keti

Lamzira ana mfuko wa aproni uliojaa vipande vya jibini
na neno moja: Dajeki. Keti.
Mbwa anamtazama. Sikioni ana kipini cha njano cha manispaa,
mgongoni kovu lisilo na maelezo.
Mkono ukipanda, hujikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

Basi mkono ukajifunza kwanza:
kushuka, kufunguka, kungoja.
Siku tisa. Ya kumi, makalio yakagusa zulia,
nusu tu, kama mgeni asiyekiamini kiti.
Ewaa! Jibini. Hadi ghorofa ya nne walisikia.

Usiku wa Mwaka Mpya, Tbilisi inaripuka fataki.
Mbwa yumo ndani ya beseni la kuogea,
anatetemeka hadi mnyororo wa kizibo unagongagonga.
Haitwi. Havutwi.
Lamzira, miaka sabini na miwili, magoti yakinung'unika,
anashuka kwenye vigae vya baridi,
anahesabu miripuko kwa sauti ya chini
kama alivyokuwa akihesabu mishono kiwandani.

Saa nane hivi, kidevu chenye unyevu kinatua begani mwake.
Jibini limesahauliwa jikoni.

Nani kamwambia nani aketi?