Nafasi Iliyo Ndani ya Goti

Uteuzi wanaufanyia dukani, Manila,
mbele ya ngazi za umeme,
akina mama wakipita na mifuko ya mchele,
watoto na aiskrimu ya viazi vya zambarau,
na sisi, timu ya kiwanda cha dagaa wa makopo,
tumepewa zamu ya tatu
na dakika tano.

Majina mawili mezani.
Nimeyaandika mimi, kwa kalamu moja,
mwandiko usije ukapendelea.

Jairus Villacorte, miaka kumi na tisa.
Mikono yake huanza kwake ikaishia kwa jirani.
Mpira ukimponyoka huufuata kama mtu
anayekimbiza kofia iliyochukuliwa na upepo,
kisha, mara moja tu katika mchezo mzima,
hupaa,
na ukumbi wote husahau kutafuna.
Daktari aliegemeza picha ya goti lake dirishani:
"Tazameni, mfupa haujafunga.
Bado kuna nafasi hapa."
Mstari mweusi, mwembamba kama uzi.
Mwenye timu aliutazama uzi ule
kama mtu atazamavyo kiwanja kabla ya kujenga.

Crisanto Dumalagan, ishirini na minane.
Miaka sita katika ligi za mikoani,
kumbi za mabati ambamo mvua ikinyesha
husikii filimbi, unaiona tu mdomoni mwa refa.
Nilimfuata Iloilo. Nikamfuata Butuan,
nikala wali baridi kwenye ngazi za kanisa nikingoja milango ifunguliwe.
Kabla ya kila mtupo huru hupangusa soli kwa kiganja,
kushoto, kulia, kushoto tena.
Daftari langu la mwaka ule linachosha kusoma:
umeingia, umeingia, umeingia,
na pale alipokosa nimeandika "vumbi",
maana sikuamini.
Goti lake lilifunga zamani. Halina nafasi.
Amejaa.

Usiache mbachao kwa msala upitao, sawa.
Lakini nani amewahi kulipa kiingilio
kwenda kutazama mbachao?
Na mbio za sakafuni, ndiyo, ukingoni;
ila mimi miaka ishirini na mmoja
nimelishwa na sakafu hiyohiyo,
na sijaona mbio nyingine.

Zimebaki dakika mbili.
"Teryo," mwenye timu ananiuliza, "wewe ungefanyaje?"
Nikamwambia kweli, kama nilivyokula kiapo kwa tumbo langu:
Crisanto atatupa pointi kumi na moja kila usiku
mpaka tuchoke kuzihesabu.
Huyu mwingine atatupa...
sijui.

Nikauona uso wake unawaka.
Nilikuwa nimebeba daftari nne, takwimu za misimu sita,
na neno lililouza likawa lile
nisilokuwa nalo.

Jina likatangazwa. Kofia ya dagaa ikamkataa kichwa.
Mama yake akamshika goti, lilelile,
kwa kuwa aliketi na mkono wake
ndipo ulipofika.
Makofi. Picha. Kisha kijana akanisogelea,
akainama sana ili niweze kusikia,
akaniuliza choo kiko wapi.
Nikamwonyesha. Akaenda upande usio.

Safu ya tisa Crisanto alikuwa akipiga makofi
kwa kipimo kimoja, bila kuongeza, bila kupunguza,
kwa zamu ya nne, ya saba, ya kumi,
kwa watoto waliokuwa wakimwita kaka mwaka jana.
Mke wake alikwisha kukunja koti.

Zamu ya kumi na nne, wenye benki wakamwita.
Watu walikuwa wameanza kutoka; mfagiaji
alikuwa ameshafika safu za nyuma.
Alipofika chini ya jukwaa, ngazi tatu tu,
akasimama,
akapangusa soli kwa kiganja,
kushoto, kulia, kushoto tena.

Daftari lilikuwa bado mapajani.
Mkono wangu, kwa mazoea, bila kuniuliza,
ukaandika:
umeingia.