Abiria wa Saa Tisa Usiku

Jina langu Tikiribanda, naendesha bajaji ya kijani
katika mji ambao ramani ya Sri Lanka huuandika kwa herufi ndogo.
Kwa miaka sita riziki yangu ilitoka kwenye figo za watu.

Nasema wazi, maana daftari lipo:
Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku,
namchukua Heen Menike mlangoni kwake,
na mto wake, na chupa ya maji aliyopimiwa,
kisha Sugathapala, aliyelima mpunga
hadi miguu ikavimba, viatu vikamkataa,
kisha mwalimu wa hesabu, Bi. Chandralatha,
aliyehesabu mashimo ya barabara kwa sauti
ili asitapike.
Kilomita themanini na mbili hadi hospitali kuu.
Saa nne kwenye mashine.
Kilomita themanini na mbili kurudi.
Damu iliyosafishwa asubuhi
ilifika nyumbani jioni imejaa vumbi.

Nauli waliandikisha. "Tutalipa tukivuna."
Mara nyingine mavuno yalikuja
yakakuta bendera nyeupe zimetundikwa njiani.

Mdogo wangu Jayatissa hayumo daftarini.
Yeye alifia kilomita ya arobaini na moja,
katikati kabisa.
Nikasimama, nisijue niende mbele au nigeuze:
kote kulikuwa mbali sawasawa.

Ndipo wakaja watu wa Wizara na futi ya kupimia.
Tulicheka. Futi tumeziona nyingi;
kuna choo cha soko kilichopimwa mara nne
na bado tunachuchumaa vichakani.
Lakini lori lilikuja. Mabomba yakaja,
mtambo wa kuchuja maji ukaja,
wauguzi wawili wakaja na masanduku yao,
wakapanga chumba kwa mama muuza kamba.
Mashine tano. Kila moja na kibandiko:
mali ya umma, na nambari.
Bi. Chandralatha aliweka kidole juu ya neno umma
kama anayesahihisha daftari la mtoto,
akasema, "Hapa wamepata."

Siku ya utepe mheshimiwa alihutubia
hadi jua likatutoboa utosi.
Akatushukuru kwa uvumilivu,
kana kwamba tulikuwa na la kuchagua.
Akasema hii ni zawadi.
Sugathapala, midomo mikavu, akaninong'oneza:
"Zawadi gani, na kodi ya kiberiti
nailipa tangu ujana?"

Sasa Heen Menike huenda kwa miguu, na mwavuli.
Mimi saa tisa usiku nimelala.
Mke wangu asema nakoroma kama mwenye pesa,
na pesa sina: abiria wa Jumanne wamekwisha,
wamekwisha wakiwa hai,
na hasara ya namna hii
sijui niililie au niipikie wali wa nazi.

Si kwamba yote yamenyooka.
Mwezi wa Aprili mashine ya tatu ilinyamaza, kisha ya nne;
vichujio vilikwama Colombo kwa sahihi moja,
sahihi ya mtu aliyekwenda likizo.
Wiki tatu nikaamka tena saa tisa.
Muuguzi Dilrukshi akaandika barua,
akaandika nyingine,
ya tatu akaisoma kwenye simu, neno kwa neno,
hadi upande wa pili ukachoka.

Jana akanipigia: "Nenda stesheni, kuna mzigo."
Katoni mbili. Nikaziweka kiti cha nyuma,
pale pa Jayatissa, nikazifunga kwa kamba,
nikaendesha polepole kuliko siku zote,
nikikwepa kila shimo alilolihesabu mwalimu.
Getini mlinzi akauliza, "Umebeba nani?"
"Serikali," nikamjibu.
"Imechelewa, lakini imefika."

Nauli nimeiandika, ukurasa mpya.
Hiyo nitaidai.