Kinga Zake

Nyumba yetu ni nyeupe, fupi, mjini Reykjavik,
kuta nene: zamani ilikuwa jela.
Wageni wakiambiwa hucheka. Sisi hatucheki tena,
tangu Septemba tumefungwa humo na orodha.

Wizara ziliandika, kila moja na la kwanza lake.
Uvuvi gati. Afya vitanda. Elimu walimu.
Nishati bomba jipya la maji ya moto.
Fedha hawakutaka kitu;
wao walitaka tusitake.
Yakawa mambo ya kwanza arobaini na moja.
Steinvör aliyahesabu mara mbili, akavua miwani:
"Nchi haina vidole vingi hivyo."

Waziri Mkuu alikuwa ameacha neno moja
kwenye kijikaratasi cha njano: Matano.
Hakuandika yapi.
Ndiyo kazi ya ofisi yetu,
kuyajua kabla yeye hajayajua,
kisha kumwachia nafasi ya kuyachagua.

Hatujengi daraja sisi. Hatumgangi mtu.
Tunapiga simu.
Tunamuuliza Uvuvi kama amezungumza na Barabara,
Barabara kama amezungumza na Fedha,
na kila mmoja anaapa amezungumza,
na kweli, kila mmoja alizungumza,
peke yake.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake:
nilifunzwa hivyo kama lawama.
Lakini Oktoba, kikao cha saa tano, kahawa imepoa,
mimi na kalamu yangu ya kumbukumbu pembeni,
nikaona jambo jingine.
Ngozi ikivutwa upande mmoja hutatuka,
isipovutwa kabisa
hailii.
Steinvör alikuwa katikati, analegeza hapa, anakaza pale,
anagonga kwa kidole kimoja, anategea sikio.
"Bado," akasema.
Wakamrudia na majedwali.
"Bado."

Arobaini na moja yakawa kumi na tisa.
Kumi na tisa yakawa sita,
na sita yakagoma.

La sita lilikuwa kinga za theluji, Skálavogur:
ukuta wa udongo na mawe juu ya mlima,
nyumba ishirini na tatu chini yake.
Hakusema neno.
Mimi nilijua, kwa kuwa kila Desemba
hutuletea samaki mkavu kutoka kwa mama yake,
amefungwa kwa gazeti la kulekule,
tukamla tukisoma matangazo ya vifo.
Akalikata yeye mwenyewe.
Mstari ulinyooka, wala hakushika rula.

Siku hizo jua hutuaga alasiri, saa tisa na kitu.
Nilimwacha na taa yake.

Asubuhi, rasimu ya mwisho.
La tatu, ambalo jana lilisomeka
*Barabara ya Magharibi ipitike mwaka mzima*,
leo lilisomeka
*Barabara ya Magharibi, pamoja na kinga zake, ipitike mwaka mzima.*
Maneno manne. Hayakuwa na bei pembeni.

Thorlakur wa Fedha husoma kwa ncha ya kalamu.
Kalamu ilitembea, ikatembea, ikasimama.
"Kinga zake," akasema. "Zake nani?"

Bomba la joto liligonga ukutani.
Mtu wa Afya akatafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo.

"Za barabara," akajibu Steinvör.

Thorlakur alimtazama kwa muda
ambao kumbukumbu hazina safu ya kuuandika,
akapindua ukurasa.
Nami nikaandika: *Rasimu ilipitishwa bila marekebisho.*

Hadi leo sijui kama ule ulikuwa uratibu
au mkono wake, nao, kwenye ngozi.
Nilichukua ramani nikapima:
Skálavogur ipo kando ya barabara,
kilomita moja na nusu,
ukipima kwa moyo mwema.

Desemba samaki alifika.
Nilimla.
Alikuwa mtamu, chumvi imemkolea,
na gazeti la safari hii sikulisoma.