Nililala Tu

Ngazi za nyumba yangu hapa Sennan ni kumi na nne.
Mwaka juzi nilizipanda na mfuko wa vitunguu begani
huku nikimgombeza paka.
Mwaka jana nilisimama ya tisa,
nikavisingizia vitunguu.
Leo ya nne tu, mikono mitupu,
na paka yuko juu ananikodolea macho kama mdai.

Kumbe kupumzika ni kuitafuta pumzi.
Nimelitamka neno hilo miaka sitini
bila kulipasua nikaiona kokwa yake.

Dakta Hatanaka alipachika picha ya mapafu kwenye taa.
Uliwahi kufanya kazi kiwandani?
La. Nilikuwa karani wa posta.
Na mumeo?
Aliuza viatu.
Basi ulikaa jirani na kiwanda?

Nikawaza namna ya kumjibu.
Nilikuwa na miezi mitano, Dakta.
Nililala tu.

Mama alinilaza ndani ya kapu la nyuzi
chini ya mtambo namba saba,
na kengele ya saa nne ilipolia
alinipangusa uso kwa ncha ya aproni
(aproni ileile)
akaninyonyesha.

Walikuwa wakifuma jiwe. Ndiyo, jiwe:
lilichambuliwa kama pamba, likasokotwa,
likawa kitambaa kisichoshika moto
cha kuvisha mabomba ya meli.
Vumbi lake lilielea penye mwanga wa dirisha,
nami, alivyopenda kusimulia,
nilinyoosha vidole nilidake,
nikacheka.

Yoshino, mama yangu,
alikufa na miaka hamsini na mmoja.
Kifua, walisema. Kifua tu,
kana kwamba kifua ni jina la ugonjwa.
Tulipomaliza kumchoma, kama ilivyo desturi yetu,
nilimwokota mfupa kwa mfupa kwa vijiti,
miguu kwanza, ili chunguni asikae kichwa chini.
Sikujua wakati ule kulitazama jivu
na kuuliza:
kile kisichoungua
kimekwenda wapi?

Sasa najua kilipo.
Kimo humu, kimekunja magoti,
kinalala.

Dakta ameandika dawa, na mtungi wa hewa wenye magurudumu,
na fomu ya fidia yenye kisanduku
kinachotaka nitaje cheo changu kiwandani.

Nimeteremsha godoro.
Kuanzia leo nalala chini, karibu na jiko.
Paka akinihitaji,
ashuke.