Samaki Gani?

Kibirizi, alfajiri. Kompyuta iko magotini,
nimekalia ndoo, naandika daftari la ushuru.
"Nipimie samaki," nikamwambia Butoyi, karani wa mizani.
"Samaki gani? Dagaa? Mgebuka? Kuhe?
Samaki mtupu hajawahi kupanda mizani hii."

Nikafuta mistari arobaini.
Uzito nilikuwa nimeuandika mara tatu,
ushuru mara tatu,
na kosa lile lile, mara tatu.

Sasa Samaki yuko juu, dhahania,
jina lisilo na magamba:
havuliwi, hurithiwa.
Uzito na ushuru ni vyake, vimeandikwa mara moja.
Penye kukausha nimeacha pengo,
kila mtoto alijaze mwenyewe.

Dagaa akajibu: jua.
Mgebuka: moshi.
Kuhe akanyamaza, na programu ikagoma.

"Kuhe?" Butoyi akacheka. "Nani amkaushe?
Anaisha hapa hapa, mbichi."

Nikarudi juu, nikabadili jina la pengo:
kuuza.

Madumu ya mawese nayo hulipa ushuru,
lakini hayana undugu na mgebuka.
Hayo nitayafunga kwa mkataba,
si kwa damu.